Ulimi wa Mwalimu Mize

Siku mliyoniaga nikistaafu mlikula biriani, mkashiba, kisha mkasimama mmoja mmoja kusema kwamba mimi ni jasiri. Sijui mlikuwa mnamtazama nani. Mimi ni mwoga tangu nilipozaliwa, na kama kazi yangu ya kunyoosha viungo vya watu ilikuwa na faida yoyote, ilitokana na woga huo. Mmeniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu katika chumba cha mazoezi. Vyeo sitaandika kwa sababu havikuwa vingi, na mshahara mnaujua. Nitaandika habari za mgonjwa mmoja aliyenitia hofu kuliko wote, lakini kwanza lazima niseme nilifunzwa na nani.

Siku yangu ya kwanza chumba chetu kilikuwa bado nusu ghala. Vitanda vibovu vilirundikwa upande mmoja, na upande wa pili alikaa Bi Chumu, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, ambaye wagonjwa walimwogopa na kumpenda kwa pamoja. Alinikabidhi vifaa: benchi, kamba iliyopitishwa kwenye kapi juu ya mlango, mpira wa kuchezea watoto, nyundo ndogo ya kugongea magoti na tepu ya fundi cherahani. Nikamuuliza vingine vinakuja lini.

"Mwanangu, vyengine ni mikono yako," akasema. "Na hiyo nshaiona, haina nguvu. Utakula, utapata."

Nilikula, nikapata. Bi Chumu alinifunza kumshika mtu mzito bila kuvunja mgongo wangu, na kumtania mzee mkaidi mpaka anyanyue mguu kwa hasira. Alinifunza pia jambo lililonichosha sana mwanzoni. Mgonjwa akija na mkono uliopooza, yeye aliupima unene kwa ile tepu, kisha akaupima na ule mkono mzima pia. Niliona ni kupoteza wakati, kwani mkono mzima una nini? Bi Chumu alisema mkono mzima ndio shahidi, na shahidi naye huhojiwa. Alistaafu, akaniachia benchi na tabia hiyo. Tepu aliondoka nayo, maana ilikuwa yake.

Wengi wa wagonjwa wetu, kama mnavyojua, ni watu wa kiharusi. Kiharusi huja bila hodi. Mtu anakwenda chooni mzima, anatoka mdomo umekwenda upande. Ukishakizoea unakijua mwendo wake: kinaharibu siku moja, kisha polepole mwili unaanza kurudi, hata kama ni kidole kimoja tu. Kazi yetu ni kuuharakisha huo urejeo, na ndiyo maana tunawahimiza wagonjwa wafanye mazoezi bila kuchoka.

Mwalimu Mize aliletwa kwangu kutoka Wingwi katika miaka yangu ya mwisho. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mjane, mwenye chuo cha Kurani nyumbani kwake, na nusu ya wanawake wa vijiji vile walisoma kwake. Sauti yake ilijulikana. Penye Maulidi ya wanawake alialikwa yeye kwanza, wengine baadaye. Lakini siku aliyoingia chumbani kwangu hakusema neno. Alikaa kwenye benchi, akauweka mkono wa kushoto mapajani kama mzigo wa mtu mwengine, akamwachia kaka yake aseme.

Kaka yake, Bwana Kombo, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Konde, na alizungumza kama mtu anayehesabu mifuko ya saruji.

"Kiharusi kimempiga siku ya kuhitimisha wanafunzi wake," alisema. "Mbele ya watu wote. Alikuwa asoma dua, ulimi ukawa nzito, hakuweza kumaliza. Sahani ya halua ikamponyoka nkono wa kushoto. Tangu siku hiyo ndio huyu unayemuona."

Shinikizo lake la damu lilikuwa juu kidogo. Alikwisha kupelekwa Unguja kupigwa picha ya kichwa, na picha haikuonyesha kitu, wakaambiwa kwamba kiharusi kidogo mara nyengine hakionekani. Kila mtu aliridhika. Na mimi nilitaka kuridhika, kwa sababu mtu aliyeridhika hulala.

Hapa sina budi kuwaambia jambo juu yetu sisi watu wa kisiwani Pemba. Kwetu ugonjwa huanza siku watu walipouona. Mtu anaweza kuumwa mwaka mzima ndani ya nyumba yake, lakini kama alianguka harusini, basi ugonjwa ulianza harusini, na watamtaja hata aliyeoa. Tena mgonjwa mwenye heshima zake hasemi. Ana msemaji wake, kaka au mume au mtoto mkubwa, na sisi watu wa hospitali tunamsikiliza huyo kwa sababu anajibu haraka na foleni ni ndefu. Hivyo ndivyo habari ya sahani ya halua ilivyopita kwa muuguzi, ikapita kwa daktari, ikavuka bahari kwenda Unguja na kurudi, bila mtu yeyote kumuuliza mwenye ulimi wake.

Nikaanza naye mazoezi. Bwana Kombo alikuwa mwanafunzi wangu bora kuliko mgonjwa mwenyewe. Alikwenda akafunga kapi na kamba nyumbani, mpya kutoka dukani kwake, nzuri kuliko yangu, akawa anamvutisha dada yake asubuhi na jioni. Akatafuta na mkandaji wa mafuta ya moto. Kila waliporudi kwangu nilimuuliza, "Vipi hali?" naye akajibu, "Inshallah, aja juu." Lakini hakuwa anakuja juu. Mkono wa kushoto ulizidi kulegea, na maneno machache aliyokuwa akiyasema yalizidi kupitia puani. Kila Bwana Kombo alivyoona hapati nafuu, alizidisha kamba.

Siku moja nikachukua tepu, safari hii yangu mwenyewe, nikapima mkono wa kushoto. Umepungua, kama nilivyotarajia. Nikapima wa kulia, ule mzima. Nao umepungua. Nikailaumu tepu. Nikapima tena, kisha nikaugeuza mkono ule kwenye mwanga wa dirisha, nikaona pale baina ya kidole gumba na cha shahada pamebonyea, nyama haipo. Kiharusi hakivuki upande kimyakimya namna ile.

"Mwalimu, hebu toa ulimi," nikamwambia.

Akautoa kwa shida. Ulikuwa mwembamba kandokando, na juu yake nyama ilikuwa ikitukutika yenyewe, kama maji yanayokaribia kuchemka. Hakuwa akiutikisa yeye. Nikachukua nyundo, nikamgonga goti polepole, mguu ukaruka kwa nguvu ambayo mguu dhaifu haupaswi kuwa nayo. Nikamgusa mikono na miguu kwa pamba huku amefumba macho, na kila mguso aliuhisi. Nguvu zilikuwa zinaondoka pande zote mbili na hisia zimebaki zote. Nilijua kwa maneno ya vitabuni kitu hicho kinaitwaje, lakini sikuwahi kukiona, na nilimwomba Mungu niwe nimekosea.

Nikamwendea Daktari Faki, kijana mpole aliyekuwa amehamia kwetu karibuni. Alikuja, akautazama ulimi ule kwa muda mrefu, kisha akanivuta mlangoni.

"Bi Zuwena, nani alisema huu ugonjwa ulianza ghafla?"

"Kaka yake."

"Na yeye mwenyewe alisemaje?"

Nikakiri kwamba sikumuuliza. Akasema ni bora nimuulize mimi, mwanamke kwa mwanamke. Kumwondoa Bwana Kombo kulikuwa kazi nyengine.

"Niulize mie, ntakujibu," alisema. "Yeye ulimi wenyewe huo."

Ikanibidi nimtume maduka ya dawa akatafute mafuta fulani ambayo nilijua hayapatikani Chake Chake wala Wete. Mungu anisamehe, nilimwambia asirudi bila kuuliza kila duka.

Nikafunga mlango, nikakaa karibu ya Mwalimu Mize. Maneno yake nayaandika sawasawa, lakini jueni kwamba kila neno lilimchukua pumzi, na mara nyengine nilirudia kumuuliza kama nimesikia sivyo.

"Mwalimu, tuache siku ya halua. Kabla ya hapo ulikuwa mzima?"

Alinitazama kama mtu aliyekuwa akingoja swali hilo na huku akiliogopa.

"Ilianza herufi ra," akasema. "Mwaka kabla. Ulimi haupigi. Wanafunzi hawakujua. Nikawapa wakubwa wasomeshe aya zenye ra nyingi, nikasema nimechoka."

"Kisha?"

"Kisha qaf. Kisha kaf. Zikaondoka moja moja." Akapumzika. "Mwisho ba. Nikisema Bismillahi, hewa yatoka puani, yawa mimu. Siwezi tena kulianza jina la Mungu."

Mwalimu wa Kurani anajua kila herufi inatoka wapi, ipi ncha ya ulimi, ipi shina lake, ipi midomo. Alikuwa amenisomea ugonjwa wake wote kwa mpangilio, misuli baada ya misuli. Aliniambia pia kwamba akisukutua kwa ajili ya udhu maji humtoka puani, na kwamba siku ile ya kuhitimisha hakupigwa na kitu chochote. Alichoka tu kuficha.

"Kiharusi hufanya hivi?" akaniuliza.

"Hapana, Mwalimu. Kiharusi hakichukui herufi moja moja."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama aliyepata hukumu aliyokuwa akiitarajia. "Nilijua," akasema, na hakusema alijua nini. Sikupenda namna alivyotulia. Mtu akitulia hivyo mimi huanza kuogopa kwa niaba yake.

Daktari Faki alimpigia simu bingwa wa mishipa ya fahamu Dar es Salaam, nasi tukaanza kungoja nafasi. Katika kungoja huko nikagundua jambo la pili, na hili ndilo lililoniondolea usingizi. Nilimpima uzito, na uzito ulikuwa unaporomoka kuliko ugonjwa ulivyoweza kuueleza. Nilikwisha kumfunza mke wa Bwana Kombo, Bi Time, aliyekaa nyumba ya jirani, kumtengenezea uji mzito badala ya chai, maana maji mepesi yalikuwa yanampalia, na kumwinamisha kidevu kifuani kabla ya kumeza. Nikamuuliza kama mgonjwa anakula.

"Akula usiku," alisema Bi Time. "Nchana kafunga."

"Kafunga nini, na Ramadhani ilishapita?"

"Bi Zuwena, mie nshindwa kujua. Jumatatu na Alkhamisi sunna. Siku nyengine asema kadha, alipa siku za Ramadhani. Nyengine nadhiri. Kila siku ina jina lake."

Nikamwomba Mwalimu Mize aache. Nikamwambia mgonjwa ana ruhusa ya kula, na kwamba nyama inayoondoka mwilini mwake sasa hairudi, na kushinda na njaa ni kuisukuma. Aliniitikia kwa adabu, na siku ya pili akafunga. Daktari Faki akamwambia. Imamu wa msikiti wao akamwambia. Wote aliwaitikia. Bwana Kombo hakutaka kuingilia, alisema ibada ya mtu haiguswi. Mimi nikawa natoka kazini nikimfikiria amelala peke yake, amechoka kwa njaa ya kutwa, anajaribu kunywa maji ya daku na ulimi usiotii. Simu ikilia nilidhani ndiyo habari ya kupaliwa kwake.

Nafasi ikapatikana, Mwalimu akaenda Dar es Salaam, wakampima damu, wakampima umeme wa neva kwa sindano ndogo kwenye misuli, hata ya ulimi. Majibu yalikuwa yale tuliyoyaogopa. Ni ugonjwa wa neva zinazoamrisha misuli. Neva hizo zinakufa, na msuli usiopata amri unakauka. Kwetu ni nadra sana. Katika maisha yangu yote ya kazi nilimwona yeye tu. Nawaambia mapema, msije mkasoma mkingoja muujiza: haukuja, na sasa yupo mbele ya haki. Lakini si hilo ninalotaka mlijue.

Bwana Kombo alikuja kwangu peke yake kabla ya sote kukutana kumweleza dada yake majibu. Alikaa kwenye benchi alilokuwa akikaa dada yake.

"Bi Zuwena, nakuomba. Mwambie ni kiharusi."

"Yeye anajua si kiharusi."

"Ntu wa kiharusi ana tamaa ya kupona. Ukimwambia hili, umemuua kabla ya siku yake. Daktari huyo ni ntoto, hajui. Weye ni ntu nzima, umezika wazee."

Sikumwona mjinga. Mtu aliyemfungia dada yake kapi na kumvutisha kila siku ana haki ya kuogopa. Nami niliogopa hivyohivyo. Nilijiona nimesimama mbele ya Mwalimu Mize, nimetoa neno lile, na yeye ameacha hata uji wa usiku.

"Dada yako anajimaliza kwa njaa, Bwana Kombo," nikasema mwisho. "Sisi sote tumemkataza, na hakuna aliyemuuliza kwa nini."

"Yuaabudu."

"Huenda. Kama tukimdanganya, hatatwambia."

Alishika uso kwa viganja vyake, akakaa hivyo mpaka mgonjwa aliyefuata alipochungulia mlangoni. Kisha akasema, "Basi na mie niwepo."

Tulikwenda Wingwi baada ya sala ya adhuhuri, mimi na Daktari Faki. Mwalimu Mize alikuwa amekaa juu ya mkeka chumbani, ameegemea ukuta, na sauti za wanafunzi zilisikika barazani, wakisoma wenyewe. Bwana Kombo alikaa karibu na mlango. Bi Time aliweka kikombe cha uji pembeni kwa mazoea, ingawa alijua hautaguswa mpaka magharibi.

Daktari Faki alisema vizuri kuliko nilivyotarajia kwa umri wake. Alisema ugonjwa ni wa neva, umeanzia kwenye ulimi, utaendelea mikononi na kwengineko. Akili haiguswi. Dawa ya kuuondoa hakuna, ipo namna ya kumsaidia kula na kupumua. Mwalimu akauliza muda gani. Akasema ajuaye ni Mungu, lakini kwa walivyoona madaktari, miaka yake si mingi. Bwana Kombo alitazama sakafu. Mimi nilikuwa namtazama Mwalimu.

Hakulia. Alifikiri, kisha akauliza swali ambalo hakuna kitabu kilichotuandaa kulijibu.

"Ugonjwa huu huwapata nani?"

"Yeyote," akasema Daktari Faki.

"Hata wasiosoma Kurani?"

Daktari akanitazama. Nikasema mimi, "Wengi wanaoupata hawajaifungua maishani mwao, Mwalimu."

"Hata wasiosali?"

"Hata hao," akasema Daktari. "Uko nchi zote. Haujali dini ya mtu."

Mwalimu Mize akafumba macho. Alipoanza kusema ilibidi sote tusogee, na Bwana Kombo akasogea zaidi ya wote.

"Nilikuwa na sauti nzuri," alisema. "Watu wakinsifu, nafurahi. Nasoma, huku nasikiliza sauti yangu. Zilipoanza kuondoka herufi, nikasema Mola achukua kitabu chake. Herufi moja moja, ili nijue ni Yeye. Mkasema kiharusi. Mie najua kiharusi hakiji hivi. Nikajua nimehukumiwa. Nikafunga, nikatubia, na zikazidi kuondoka."

Nje watoto walikuwa wamefika aya ngumu na wanaburuzana. Niliona machozi ya Bwana Kombo yakidondoka kwenye kanzu, naye hakuyafuta. Alikuwa ameishi naye nyumba za jirani mwaka mzima, akimvutisha kamba, na hakujua.

"Basi si mie," akasema Mwalimu Mize. Hakutuuliza.

"Si wewe, Mwalimu," nikasema. "Ni ugonjwa."

Akarudia kwa midomo, bila sauti. Kisha akaunyoosha mkono wa kulia, ule uliokuwa umebaki na nguvu kidogo, kuelekea kwenye kikombe.

"Mize," kaka yake akasema, "si umefunga?"

Mkono haukurudi. Bi Time akampa kikombe, akamshikilia kwa chini. Mwalimu akainamisha kidevu kifuani kama nilivyomfunza, akavuta uji, akameza. Ukampalia. Akakohoa, tukasimama sote, Daktari akamwegemeza mbele, nami nikaweka kiganja mgongoni mwake nikihesabu pumzi zake moyoni. Kikohozi kikapita. Akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akavuta hewa, akafungua tena kinywa, akingoja kikombe.